Uzi wa Gunia

Nyamizi alitikisa waya, injini ikazima. Alipoutikisa tena na kuwasha, ikaitika.

Amelipata tatizo. Wiki nzima gari hili la spoti, kuukuu, la milango miwili, lilikuwa likizimika barabarani, lakini likifika gereji kwake linaunguruma kama halijawahi kuugua. Jumamosi lilizimika mbele ya lori la pamba, likagongwa. Mke wa mwenye gari bado amelazwa.

"Huyo fundi wa Lalago ndiye aliyelishika mwisho," Nyamizi alimwambia mwenye gari jana. "Waya kaunga ovyo." Alisema hivyo kabla hata hajakagua waya. Leo alfajiri mwenye gari kaenda kumchukua fundi huyo, na mgambo wawili.

Akabandua tepu nyeusi taratibu. Waya mbili zilikuwa zimesokotwa tu bila kuchomewa risasi ya kuyeyusha ili zishikane, na juu yake uzi wa bluu wa kushonea magunia ya pamba, mafundo matatu.

Bariadi nzima anayefunga hivyo ni mmoja. Nyamizi alifundishwa na mama yake, mshona magunia. Mwaka juzi, akilitengeneza gari hili, umeme ulikatika, akasema risasi ataichomea kesho.

Koleo lilikuwa mkononi; uzi ungekatika mara moja.

Pikipiki zikasimama nje. Fundi wa Lalago akaingia, shati limechanika begani, akainama kwenye injini. Yeye na Nyamizi waliwahi kufanya kazi meza moja. Macho yake yakatua kwenye uzi, yakabaki pale.

"Mwangaluka, dada," alimsalimia polepole kwa Kisukuma. "Umeliona tatizo?"

Mgambo wakasogea wasikie.