Kadi Mpya ya Sauti

Nunow alifungulia spika shairi ambalo mama yake alirekodi asubuhi. Kadi mpya ya sauti, aliyoazimwa na muuzaji wa Garissa mjini aijaribu, ilikuwa ndani ya kompyuta. Ya zamani ilikuwa mezani, kando ya bisibisi.

"Sikia, Hooyo," akamwambia mama yake. "Ule mvumo wa kadi ya zamani umeisha. Kaka akipata rekodi hii huko Toronto, atadhani umekaa naye."

Mama alitikisa kichwa taratibu akifuata shairi lake. Kisha kichwa kikatulia. Kila alipovuta pumzi kati ya beti, spika ilitoa filimbi nyembamba, na chini yake kitu kikikwaruza.

"Labda ni waya," Nunow akasema, ingawa alijua si waya.

"Ni kifua. Rudisha ile ya zamani, turekodi upya."

"Tangu lini, Hooyo?"

"Mvumo ule ulikuwa unanisitiri. Kaka yako akisikia haya atakuja, na akitoka huko kabla ya kupata karatasi zake, watu wa uhamiaji hawatamruhusu kurudi."

Akaichukua mwenyewe kadi ya zamani, akaipuliza vumbi. Pumzi ikamwishia kabla vumbi halijatoka.