Bataisha, Shujaa wa Lubunga

Kiatu cha kushoto kilizama topeni mpaka kwenye kamba, na Citoyen Mokonda akatoa tusi zito la Kilingala kabla mtumbwi haujafungwa. Viatu vipya, vya Kinshasa, leo vinakanyaga tope la Lubunga! Na kwa ajili ya nini? Timu ya mpira. Tena timu gani, jamani!

Mokonda alikuwa mjumbe wa Chama, kilichoamuru kila mtu aitwe Citoyen, yaani mwananchi, na tangu aletwe Kisangani hakuna alichokipenda: si mbu, si joto, si watu na Kiswahili chao cha mu-mu na ba-ba. Alitaka jambo moja tu, kurudi Kinshasa. Jumapili mkubwa wake alikuwa anakuja kutazama kama watu wa Lubunga, ng'ambo hii ya mto, wameacha mambo ya wazungu na kurudi kwa mababu. Akipendezwa, Mokonda atapanda naye ndege pale Simi-Simi. Asipopendezwa, kuna kazi inamngoja Yahuma. Yahuma! Huko hata gazeti lingefika likiwa limekwisha kufungiwa samaki.

Aliwakuta uwanjani, wachezaji wa Saint-Timothée na jezi zao zilizopauka. Historia ya timu hiyo alikuwa amesimuliwa, akacheka mpaka akakohoa. Padri mmoja aliiunda kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, eti waache pombe. Hawakuacha. Haijawahi kutoka divisheni ya mwisho. Kombe lake la pekee ililipata siku mashua ya wapinzani ilipozimika injini katikati ya mto. Mwamuzi alingoja, akachoka, akapuliza filimbi, na hawa wakabebana mabegani wakilia kwa furaha. Wapumbavu.

"Mwenyekiti ni nani?"

"Ni miye, Citoyen. Alphonse..."

"Alphonse amekufa! Majina ya wazungu yote yamekufa. Na huyu Timothée wenu lini alipiga penalti? Jumapili nataka timu iwe na jina la shujaa wa hapa hapa. Bila hivyo naifuta, na uwanja huu utalimwa mihogo."

Mzee Alphonse akanywea. Alikuwa golikipa wa kwanza wa timu ile, mwanawe ndiye golikipa wa sasa, na zaidi ya hayo mawili hakuna kitu kingine alichokijenga duniani. Akamtazama Mama Berthe, mpishi wa wachezaji. Mama Berthe akafuta mikono kwenye kitenge.

"Si tuko na Bataisha," akasema polepole.

Vijana wakainamisha vichwa wote kwa pamoja. Angalau heshima wanayo, Mokonda akawaza.

"Bataisha. Maana yake watakwisha?"

"Njo vile, Citoyen. Bataisha bote."

Mokonda akalionja jina mdomoni. Wabelgiji watakwisha. Mkubwa atalipenda!

"Alikuwa mwindaji?"

"Oh! Nyama ya pori alikuwa anaijua kwa harufu tu," akasema mzee.

"Na wazungu aliwaogopa?"

"Yeye? Alimuluma chef de gare, mukubwa wa stesheni, muzungu muzima, hapa ku paja."

"Alimuuma? Kwa meno?"

"Kwa meno, Citoyen. Bunduki angeitoa wapi?"

Mokonda akacheka. Washenzi hawa, hata ushujaa wao ni wa meno! Lakini hotuba ilikuwa inajipanga yenyewe kichwani. Akauliza kama huyo Bataisha aliwahi kuvaa suti na tai.

"Hata kiatu hakuvaa," akajibu Mama Berthe. "Na kanisani padri mwenyewe alimufukuza ku mulango."

"Safi kabisa! Kaburi lake liko wapi?"

"Nyuma ya goli, pale. Kila match alikuwa analala pale pale. Ukigusa goli, utaona meno."

Jumapili ikafika. Lubunga nzima ilijaa uwanjani, na mkubwa wa Kinshasa akakaa kwenye kiti chenye mto, abacost yake, ile suti ya Chama isiyovaliwa tai, imenyooka. Mokonda akasimama, viatu vimeng'arishwa upya, akaachia sauti. Akamsifu Bataisha aliyekataa kiatu cha mkoloni! Bataisha aliyekataa ubatizo! Bataisha aliyepambana na ubeberu kwa meno yake mwenyewe, ambaye timu hii itabeba jina lake mpaka mwisho wa dunia!

Wanawake wakajifunika nyuso kwa vitenge, mabega yakitikisika.

"Wanalia," Mokonda akamnong'oneza mkubwa.

Mkubwa naye aliguswa. Akaenda mwenyewe nyuma ya goli, akainama juu ya lile tuta dogo la kaburi, akaamuru watu wote wanyamaze dakika nzima. Kisha akamshika Mokonda bega. "Wiki hii tunarudi wote," akasema. Mokonda nusura apige magoti.

"Na watoto aliacha?" mkubwa akauliza.

"Wengi, mkubwa! Hawa watu hawana kazi nyingine," akajibu Mokonda, ingawa hakuwa amewahi kuuliza. "Si kweli, mzee?"

"Bengi," akasema mzee Alphonse, jasho likimtoka. "Karibu kila nyumba ya Lubunga iko na mutoto wake."

"Nataka kuwasalimu."

"Mukubwa, tuache tu. Habajui adabu, bale."

"Unamkatalia mkubwa?" Mokonda akafoka. "Waite! Waite wote, sasa hivi! Ni amri ya Chama!"

Mzee akamtazama Mama Berthe. Mama Berthe akatazama mbingu. Basi mzee akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Wakaja mbio kutoka kila upande wa uwanja, ndimi nje, mikia juu; na wa kwanza kufika, mweusi mwenye sikio moja, akakinusa kile kiatu cha Kinshasa, akainua mguu.