Askari wa Mama

Mafua yalipomrudia Mwanahawa mara ya tatu msimu ule, alikwenda zahanati.

"Askari wa mwili wako wana njaa, mama," muuguzi alimwambia. "Chipsi kila siku, usingizi kiduchu! Kula mboga za majani."

Mwanahawa akacheka hadi akakohoa. Askari! Ndivyo marehemu mama yake alivyoyaita majani machungu ya mchunga. "Meza askari wako, mwanangu." Naye alikuwa akiwatupa dirishani, kuku wakala. Kuku wale hawakuugua hata siku moja.

Jioni akapika mchunga kwa nazi. Tonge la kwanza tu, uchungu ukamkunja uso. Akageukia dirisha. Uani hapakuwa na kuku, wala mtu wa kumwambia ameze.

Akameza.