Jina Ambalo Milango Haikulijua

Miaka hiyo kila mlango ulikuwa na masikio. Ukitaja jina lako, mlango uliliandika kwa herufi ndogo, ukalikuza kuwa herufi kubwa, kisha ukalitafuta miongoni mwa wakazi. Lakini mitambo ya milango hiyo ilitoka nchi ambako i ndogo ikikuzwa hubaki na nukta yake kichwani, na wakazi wa hapa waliandikwa bila nukta. Mwenye i katika jina lake akahesabiwa mgeni, na mgeni hakufunguliwa mlango.

Mwanaidi alifia nje ya mlango wa zahanati, mumewe Shekue akiupiga ngumi.

Sasa binti yao Mwanahawa alikuwa amejifungua, na katika ukoo wao mtoto wa kwanza wa kike hurithi jina la bibi yake.

"Tumemwita Zahara," Mwanahawa alisema bila kumtazama baba yake.

"Zahara ni nani kwetu?"

"Baba, usianze."

"Mama yako mmemzika mara ya pili! Warekebishe mitambo yao, si wajukuu zangu!"

"Tangu msiba wanasema watarekebisha. Mimi nataka milango imfungukie mwanangu."

Binti yake alipokwenda kuoga, Shekue alimwinamia mtoto akamnong'oneza sikioni, "Mwanaidi."

Mtoto akafumbua macho.

Nyuma yao mlango wa nyumba ukajifunga, komeo likaingia mahali pake. Ulikuwa umesikia jina la mgeni.