Sentensi ya Brigid

Mama Apeduno alifika kwenye neno "mabinti" kwa mara ya saba, akakohoa, akasema anataka chai.

"Chai umekunywa vikombe vinne," Brigid alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Mama, wewe sema tu, mimi niandike. Abdulnoor atatumaliza."

Simu ikaita hapo hapo, kana kwamba ilikuwa inasikiliza. Alikuwa yeye Abdulnoor, mpiga chapa, na sauti yake ilitoka Busia ikajaza sebule nzima.

"Mama wa watoto! Mashine inangoja, karatasi zinangoja, na mimi nimenyoa ndevu kwa ajili ya sherehe. Kitabu chote ninacho isipokuwa sura ya tatu. Jumapili Askofu atabariki nini, jalada?"

"Saa sita utaipata, boss," Brigid akamjibu, akakata.

Sura nyingine zilikuwa zimemtoka Mama kama maji ya bomba lililopasuka. Ile ya Otukei, aliyeachwa katika nyumba ya wageni pale Malaba akiwa na miaka mitatu, tayari anatukana kwa lugha nne za madereva. Ile ya Janat, aliyeficha mkate chini ya godoro mwaka mzima, mpaka panya wakamzoea wakawa wanamngojea. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamepitia mikononi mwake, na wengine alikwenda mahakamani wakawa wake kabisa. Amagoro yote ilimjua. Akipita sokoni, wauza nyanya walisimamisha ugomvi wao, wakauendeleza akishapita.

Lakini sura ya tatu ilikuwa ya wale wawili wa kwanza, Vivianne na Brigid, na hiyo ilimkwama kooni.

Si kwamba watu hawakuijua hadithi yenyewe. Miaka ishirini na sita iliyopita mumewe, dereva wa lori, alifia barabarani yeye akiwa mjamzito. Akavuka mpaka kwenda kujifungulia kwa dada yake, Tororo. Akarudi na watoto wawili wa kike ndani ya leso moja: wake, na wa msichana aliyefia kitanda cha pili wodini. Kabla hajafungua mizigo, Umoja wa Akina Mama wa kanisa ulikuwa mlangoni na kuku, unga wa wimbi na sabuni.

"Yatima ni yupi?" mwenyekiti wao, Petronilla, aliuliza huku amenyoosha mikono. "Tumbebe yeye kwanza. Na nikuambie mapema, Mama, tutakuwa tunapita hapa. Ukimbagua, tutajua."

Mama Apeduno akawaonyesha Vivianne. Akina mama wakampokezana, wakamwombea, wakamlilia, mmoja akamvua kofia mjukuu wake mwenyewe akamvisha. Brigid alibaki kitandani akilia. Yeye si alikuwa na mama?

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Paja la kuku, Vivianne. Viatu vya Pasaka, Vivianne. Nafasi ya shule ya bweni ilipopatikana, moja tu, kanisa likampeleka Vivianne, na Brigid akaenda shule ya kutwa, kilomita sita kwa miguu. Akilalamika, Mama alimjibu yale yale: "Wewe una mama. Mwenzako hana. Vumilia." Kasisi alihubiri juu ya nyumba hiyo mara tatu. Mara ya tatu alidai upendo umempa yatima hata mwendo na kicheko cha Mama Apeduno. Kanisa likapiga makofi. Mama akatazama sakafu.

Siku hizi Vivianne alikuwa muuguzi. Brigid alikuwa hapa hapa, akiogesha wadogo na kuchapa kitabu.

"Mama," alisema sasa, taratibu, "ni mimi unayenionea haya, sivyo?"

Mama alikigeuza kikombe chake kitupu mezani.

"Unaona ulininyima. Na kweli ulininyima! Shingo za kuku nimekula mpaka ilibaki kidogo niwike." Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha Mama kilikatika mapema. "Lakini sina kinyongo. Nikinyeshewa njiani nilikuwa najiambia, acha achukue viatu, acha achukue bweni. Mimi nimetoka tumboni mwake. Hiyo nani ataninyang'anya?"

"Brigid..."

"Ngoja nimalize. Nataka sentensi moja. Moja tu, kitabu kizima! Sema kwamba mtoto uliyemzaa alinyimwa, na akakubali. Jumapili isomwe kanisani, waisikie."

Mama Apeduno aliinuka akaenda dirishani. Foleni ya malori ilikuwa imetoka Malaba hadi mbele ya lango lao, na madereva walikuwa wamelala chini ya matela yao. Sentensi hiyo ilitaka pumzi moja tu. Brigid angeisoma mpaka azeeke. Petronilla angelia kwa sauti, na Abdulnoor angeacha kupiga simu.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametubu hasira, uvivu, hata wivu aliouona juu ya kitambaa cha mke wa kasisi. Hili moja hakuwahi kumtajia hata Mungu, kana kwamba Mungu hakuwa na habari.

Alirudi, akakaa, akamshika Brigid bega.

"Nitasema polepole," alisema. "Usinikatishe mpaka nifike mwisho."

"Haya, sema." Brigid alikuwa anatabasamu, vidole tayari.

"'Kanisa limenisifu miaka yote hii kwa kumpendelea yatima,'" Mama alisema, na vidole vikakimbia. "'Sikumpendelea yatima hata siku moja. Mtoto niliyemzaa ni Vivianne.'"