Zamu ya Japani

Amur ndiye aliyekuwa akizungumza kwenye simu, kwa hiyo aliyekuwa akivunja gamba la kaa hakuwa yeye.

Wadha alisikia vizuri gamba likipasuka, kisha mtu akinyonya, kisha kicheko kidogo cha mtu aliyeziba mdomo. Akamhamishia mtoto bega la pili, akajitia hakusikia.

"Leo mnakula nini?"

"Kaa, mama Fajr. Kaa mmoja kajaza sinia. Huku wanamchemsha kwa chumvi, basi. Jana tulipata chaza wa kuchoma, na tambi za supu, bakuli lake unaweza kumkoshea mtoto."

"Na mwenzangu anakula?"

Amur akakohoa. "Anakula kila kitu. Samaki mbichi juu ya wali, kamaliza wake, kanimalizia na wangu."

Hind huyo, mke mwenziwe? Hind aliyeondoka kwenye karamu ya Idi kwa sababu ya harufu ya papa?

"Na huo ubao wenu wa kutelezea?"

"Wallahi ungemwona. Mimi kila nikisimama nnaanguka. Yeye anateleza kutoka juu ya mlima mpaka chini, kasimama wima, theluji inaruka nyuma yake kama vumbi."

Hind wa magoti, ambaye ngazi za nyumba ya mama mkwe huzipanda kwa vituo. Wadha aliweka simu chini taratibu. Kumbe mtu akipendwa hata magoti yanapona.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Mwaka ule wa 2002 Amur aliuza magari kuliko wenzake wote wa maduka ya Wattaya, hapa Muscat, na kiwanda cha Japani kikampa tiketi mbili na wiki moja ya theluji. Mbili, si tatu. Alimwambia Wadha huku akitazama zulia: dini inamtaka awe sawa baina ya wake zake. Yeye, mke mdogo, mwaka jana alipelekwa Salalah. Sasa ni zamu ya mkubwa.

"Na akirudi usimuulize habari za huko," alimwambia. "Utamtia maringo bure."

Hilo halikuwa gumu. Tangu harusi, miaka miwili sasa, yeye na Hind walikuwa wakipeana mkono wa Idi na kila mmoja kutazama pembeni.

"Na wewe Salalah ulioneshwa nini?" dada yake Mahbuba alimuuliza. "Ukungu na ngamia."

"Nilikunywa dafu."

"Mwenzio anakula kaa wa kujaza sinia, wewe unanitajia dafu."

"Dada, umekuja kunipoza au kunichoma?"

"Nimekuja kula. Umepika nini?"

Alikuwa hajapika. Alikuwa amenunua jodari, akamkata vipande vyembamba, akavipanga juu ya wali mweupe ili ajue kuna nini huko Japani hata watu wasahau nyumbani. Kipande cha kwanza alikimeza kwa ndimu, macho kayafumba. Vilivyobaki Mahbuba alivitia kwenye kikaango, wakavila.

Siku ya tano alimpeleka Fajr kuchanjwa. Wakati wa kurudi alimwambia dereva wa teksi apite barabara ya kwa Hind. Hakujua anatafuta nini. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, na kwenye kamba zimeanikwa nguo tele. Hata mtumishi wake anastarehe, aliwaza. Anajipikia, anafua kwa nafasi yake, hana wa kumwambia fanya hivi. Akamwonea wivu na mtumishi.

Usiku ule aliamua. Amur hajapata kumshika mkono mbele za watu, hata Salalah, hata kwenye ukungu ambao mtu humwoni kwa hatua mbili. Atakwenda uwanja wa ndege wa Seeb mwenyewe. Akimwona katoka na Hind mkono kwa mkono, basi, anachukua mwanawe anakwenda kwa mama yake Qantab, na harudi tena. Lakini akimwona Amur anaacha kila kitu na kumkimbilia mtoto, atakaa. Atakaa na atasahau kaa.

Alimvisha Fajr nguo ya manjano anayoipenda baba yake. Yeye alivaa abaya mpya, akajifukiza udi, akapaka wanja mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza uliteremka na machozi.

Ndege ilichelewa, na teksi nayo ilichelewa. Alipoingia ukumbini, watu walikuwa wamejazana kwenye chuma cha kusubiria. Kabla hajapata pa kusimama, akaona: mbele yake hatua tatu, amempa mgongo, Hind. Wameshatoka. Na yeye amechelewa hata kuuona huo mkono kama ulishikwa au haukushikwa.

Akamtafuta Amur kwa macho, kwenye mikokoteni ya mizigo, kwenye kaunta ya kubadilishia fedha. Hakumwona. Fajr akalia, na Hind akageuka.

Naye alikuwa amepaka wanja. Na wake ulikuwa umeteremka. Alimtazama Wadha kuanzia viatu mpaka ushungi, taratibu.

"Karibu nyumbani," Hind alisema. "Nimesimama hapa tangu adhuhuri nikutazame unavyotoka naye. Umepita mlango gani hata nisikuone? Na huyu mtoto mchanga, Wadha, ndiyo ukamchukua kwenye theluji?"