Mlio wa Mwalimu

Nastia Lozinska aliunyanyua mkono wa simu taratibu, kama anayechopoa yai chini ya kuku anayeatamia, akaziba pale pa kusemea kwa kitambaa cha vyombo. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Huo haukuwa mlio wake. Ulikuwa wa yule binti mwalimu wa shule.

Waya wa simu ulikuwa mmoja kwa mashamba yote ya upande ule wa Saskatchewan, huko Kanada. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, lakini aliyetaka kusikiliza ya jirani hakuzuiwa na mtu. Jumapili baada ya misa kila mmoja aliilaani tabia hiyo, na Jumatatu kila mmoja alikuwa na habari za wenzake.

Aliyepiga ni Metro Hnatiuk, kama kila Jumatano jioni. Wakati wa vita Metro alikaa mkiani mwa ndege ya mabomu, nyuma ya bunduki za rashasha, amewapa wenzake kisogo. Watu walimtania kwamba vita vyenyewe aliviona vikiondoka tu. Siku hizi alilima ngano, na mbele ya mwanamke ulimi ulimganda. Dukani alimwamkia Nastia huku akitazama buti zake mwenyewe. Lakini mpe waya uone anavyomiminika.

Na Nastia alimpenda. Alimpenda tangu kiangazi kile alipokuja kumtengenezea uzio bila kuombwa, akala sahani tatu za pyrohy, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, bila kusema neno, akaenda zake. Nastia alikuwa mjane, na penzi hilo hakumwambia mtu. Sasa alikuwa akisikia kwa sikio lake mwenyewe jinsi Metro anavyochukuliwa na mwingine, wiki baada ya wiki, na hakuweza kuacha kusikiliza.

Wiki ya kwanza Metro alimsimulia mwalimu habari za ndegeni. Kule mkiani hakumwona mwenzake hata mmoja, waliongea kwa waya tu, na waya uliponyamaza alisikiliza pumzi zao. Huyu alikoroma puani, yule alihema harakaharaka, akawajua wote hata wasiposema neno. Giza likimtisha, pumzi hizo ndizo zilizomtuliza. Nastia aliona wivu mpaka chai ikapoa.

Lakini baada ya hapo, kubembeleza gani huko? Wiki iliyofuata alimpa mwalimu dawa ya utitiri wa kuku: apakaze mafuta ya taa kwenye vijiti wanavyolalia. Mwalimu alipanga chumba nyuma ya duka, hana hata unyoya. Nastia, ambaye kuku wake walikuwa wakijikuna hadi kutoka damu, aliifuata dawa ile, wakapona. Kisha Metro akamwonya mwalimu kwamba tufani ya theluji inakuja, afunge kamba toka mlangoni hadi bandani, asije akapotea akienda kukamua. Akamue nini, chaki? Nastia alifunga kamba yake, na kesho yake kamba hiyo ndiyo iliyomrudisha nyumbani salama. Penye miti hapana wajenzi, alijisemea huku akikung'uta theluji.

Mwalimu naye hakuwa na maneno mengi. "Ehe," alijibu. "Endelea." Na daima kulikuwa na kicheko kidogo nyuma ya sauti yake. Nastia alikichukia kicheko kile.

Jirani yake, bibi Paraska, alikuwa amemwonya kanisani. "Mwanangu, ukitaka kitu usikae kimya kama jiwe juu ya pipa la kabichi ya kuchachusha. Yule keshanaswa." Nastia alimjibu kwamba yeye hataki kitu, akarudi nyumbani akafuma soksi kubwa mno kwa mguu wake.

Leo sauti ya Metro ilikuwa nyingine kabisa. Alisahau hata kutaja hali ya hewa.

"Mimi si msemaji," alisema. "Nyumba ninayo, paa halivuji. Trekta ninayo, ikiamka vizuri. Nimechoka kula peke yangu nikitazama ukuta." Akameza mate, waya mzima ukasikia. "Nakuomba tuoane."

Nastia aliubana mkono wa simu sikioni. Alijua anapaswa kuirudisha simu mahali pake na kumwachia mwanamke mwenzake jibu lake. Mkono ulikataa. Alifumba macho akaingoja "ndiyo" ya mwalimu, akiisha kuisikia apate kulia vizuri.

"Ndiyo" haikuja. Badala yake mwalimu alikohoa.

"Dada Nastia," alisema, "mjibu mwenzio basi, pumzi zako anazijua tangu wiki ya kwanza. Mimi mchumba wangu yuko Winnipeg, na mkono umenichoka kuwashikia simu."